Ismailia, Mji wa Maembe Kando ya Mfereji

Kutoka Kairo hadi Ismailia ni mwendo wa saa mbili kwa basi, lakini msafiri anayesoma vibao vya barabarani huwa amekwisha kusimuliwa vita kabla hajashuka. Tuliondoka mjini kwa kupita juu ya Daraja la Sita Oktoba. Baadaye kidogo likaja jina la al-Obour, yaani Kuvuka. Kisha, katikati ya jangwa, ukajitokeza mji wa viwanda uitwao Kumi Ramadhani, jina ambalo mtu wa pwani hana haja ya kutafsiriwa. Majina yote matatu yanaitaja siku ile ile. Jumamosi ya 6 Oktoba 1973 ilikuwa mwezi 10 Ramadhani 1393, na saa nane mchana askari wa Misri waliuvuka Mfereji wa Suez kwa maboti kuwafuata Waisraeli waliokuwa ng'ambo. Waisraeli nao walikuwa katika funga yao ya Yom Kippur, na kwao vita hivyo vimebaki na jina hilo.

Mimi nilikuwa nakwenda kula maembe. Nalisema mapema kwa sababu jamaa zangu wa Tanga, niliposema naelekea Mfereji wa Suez Agosti ile ya 2024, walidhani nimepagawa na habari za redioni. Vita vya Waarabu na Waisraeli tumevisoma tangu shule kama jedwali la kuzidisha: 1948, 1956, 1967, 1973. Miaka ile tuliikariri yote. Kilichokosekana kwenye daftari langu ni kwamba kando ya vita hivyo upo mji wenye miti mikubwa kiasi kwamba saa saba mchana, jua la Misri likiwa utosini, unaweza kutembea mtaa mzima bila kutoka kivulini.

Ismailia ulianza mwaka 1863, wakati mfereji ukiwa bado unachimbwa, na jina lake ni la Ismail Pasha, mtawala wa Misri wa siku zile. Waliujenga kwa ajili ya wahandisi wa Kifaransa. Hadi leo mtaa wao una nyumba za mapaa ya vigae na baraza za mbao, moja ikiwa ya Ferdinand de Lesseps, mtu aliyeuza wazo la mfereji kwa dunia nzima. Nyumba hizo ni nzuri, siwezi kubisha, lakini miti ndiyo iliyonifanya nisimame. Wamisri walileta maji matamu ya Nile hadi hapa kwa mfereji mwingine mdogo, na kandokando yake wakapanda mifikusi ambayo sasa shina lake watu wanne hawalikumbatii. Bila maji yale hapa pangekuwa mchanga mtupu. Ukitoka kwenye kivuli hicho unakutana na Ziwa Timsah. Timsah ni mamba. Mamba sikumwona, niliona watoto wakipiga mbizi kutoka kwenye ukuta na mama zao wakiwafokea kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani.

Halafu maembe. Agosti Ismailia yote hunukia embe. Yanapangwa kwenye majukwaa ya mbao kando ya barabara, kwenye matenga, kwenye buti za teksi, na muuzaji hukukatia kipande kwa kisu bila kukuuliza kama unanunua. Lipo Zibda, maana yake siagi, ambalo kweli halina nyuzi. Lipo Sukkari, dogo, tamu mpaka koo linakereketa, la kufyonza zaidi kuliko kukata. Lipo Hindi, refu, lenye jina linaloonyesha lilikotoka. Na lipo Ewais, ambalo Mwismailia akilitaja hupunguza sauti kidogo kama anayemtaja shekhe. Nasema haya nikijua nitarudi Tanga na nitasomewa mashtaka: Ewais linalishinda dodo. Kuhusu boribo sitoi hukumu. Boribo lililoivia mtini mwezi wa Desemba ni kesi nyingine, na mashahidi waitwe.

Wamisri husimulia kwamba hata maembe haya yana mkono wa vita. Magharibi mwa mji, njiani kwenda kwenye delta, ni Tel el-Kebir, ambako tarehe 13 Septemba 1882 Waingereza walilivunja jeshi la Ahmed Urabi, mwanajeshi aliyekuwa amesimama kuipinga hodi ya wageni katika nchi yake. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yameingilia papa hapa Ismailia kwa njia ya mfereji. Urabi alipelekwa uhamishoni Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akarudi mwaka 1901, na masimulizi yanasema alirudi na miche ya miembe. Sisi maembe yetu yaliletwa na majahazi ya wafanyabiashara. Ya kwao, kama wasimulizi wanasema kweli, yaliletwa na mtu aliyeshindwa vita.

Jioni ya kwanza nilikaa mgahawani, meza za nje, kahawa ya vikombe vidogo. Mzee mmoja wa meza ya jirani aliniita "ya Sudani". Nilipomwambia natoka Tanzania, akaomba radhi na kuanzia hapo nikawa ustadhi. Aliniuliza tunasema lugha gani. Nikamjibu Kiswahili.

"Na Lubumbashi wanasema Kiswahili?"

Nikamwambia ndiyo, Haji, Lubumbashi wanasema sana. Akapiga meza kwa kiganja, kahawa yangu ikamwagika kwenye kisahani.

"Englebert!"

Ilinichukua muda kuelewa. Tout Puissant Englebert ndiyo TP Mazembe ya leo. Mwaka 1967 na 1968 walikuwa mabingwa wa klabu za Afrika, na mwaka 1969 walifika fainali tena wakakutana na Ismaily, timu ya mji huu, wavaa njano, ambao mashabiki wao huwaita Madarweshi. Mechi ya kwanza Kinshasa ilikuwa 2-2. Ya pili, Januari 1970, ilichezwa Kairo na Ismaily wakashinda 3-1. Hakuna klabu ya Misri iliyokuwa imewahi kulichukua kombe hilo kabla yao. Mzee alinisimulia mabao ya Ali Abu Greisha kwa kutumia kisahani, bakuli la sukari na vijiko viwili, na sukari ilifunga bao moja ambalo sina hakika lilifungwa na mtu yeyote.

Nilimuuliza kwa nini Kairo. Kwa nini timu ya Ismailia icheze fainali mbali na kwao? Akaninyamazia kidogo, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi aliyekuwa amesinzia.

Hapakuwa na mji. Juni 1967, kwa siku sita, Israeli ilikuwa imeichukua Sinai yote, pamoja na Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jerusalem ya Mashariki na Milima ya Golan. Kuanzia hapo mpaka wa vita ulikuwa ni mfereji wenyewe: Wamisri ukingo huu, Waisraeli ukingo ule, katikati maji ya kama mita 200. Mizinga ilipigwa kwa miaka, na vipindi vikali zaidi vilikuwa mwaka 1969 na nusu ya kwanza ya 1970. Miji mitatu ya mfereji, Port Said, Ismailia na Suez, ilihamishwa watu wake, mamia ya maelfu, wakatawanywa Kairo na vijijini kwenye delta. Walijiita muhajirina. Yeye alikuwa na miaka tisa, na familia yao ilikaa kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine mbili, wakitenganishwa na mashuka. Ligi ya Misri ilisimamishwa. Ismaily, waliokuwa mabingwa wa nchi msimu ule ule kabla ya vita, wakawa timu isiyo na uwanja. Walizunguka nchi za Kiarabu wakicheza mechi za kuchangia jeshi, na bado wakaleta kombe la Afrika. Muhajirina waliokuwa Kairo, alisema, siku ile waliuona mji wao ukikimbia uwanjani ukiwa umevaa jezi.

Sikujua la kusema, nikamwagizia kahawa nyingine. Aliikataa, akalipa zote mbili.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuuangalia mfereji. Mgeni huyatafuta maji asiyaone, kwa kuwa kingo ni za juu. Anachoona ni meli, kubwa kuliko jengo lolote la Ismailia, ikiteleza polepole nyuma ya miti na mchanga kana kwamba imesahau bahari. Mimi nimekulia kwenye mji wa bandari na meli sizishangai, ila meli inayopita nyuma ya bustani ya mtu niliishangaa. Nilitoa simu nipige picha. Askari kijana akaniambia kwa adabu kubwa niifute, nikaifuta, akanisindikiza hadi mahali ambapo picha zinaruhusiwa. Kutoka hapo meli haionekani vizuri.

Meli zilikuwa chache. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walikuwa wakizishambulia meli katika Bahari ya Shamu, wakisema ni kwa sababu ya vita vya Gaza, na kampuni nyingi zikaona afadhali zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka ule wa 2024 zaidi ya nusu ya mapato ya mfereji yalipotea. Kwa Mwismailia wa makamo hili halikuwa jambo geni kabisa. Mfereji ulifungwa 5 Juni 1967 ukafunguliwa 5 Juni 1975, miaka minane kwa tarehe, na kwa miaka hiyo mzigo wa Ulaya uliokuja Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na mkonge wetu uliokwenda huko, haukuwa na njia ila kuzunguka ncha ya Afrika. Vita hivi tulivilipia hata sisi ambao hatukusikia mzinga hata mmoja.

Walionaswa ndani ndio kisa ninachokipenda kupita vyote vya mfereji huu. Vita vilipoanza, msafara wa meli ulikuwa katikati ya safari. Meli 14 zilikwama katika Ziwa Chungu Kubwa, kusini mwa Ismailia, na moja zaidi ya Marekani ikabaki peke yake hapa Timsah. Zilikuwa za Uingereza, Ujerumani Magharibi, Sweden, Poland, Ufaransa, Bulgaria, Chekoslovakia na Marekani: dunia mbili za Vita Baridi zimetia nanga kwenye bwawa moja, huku mizinga ikipita juu ya vichwa vyao. Mchanga wa jangwa ukafunika sitaha zao zote, ndiyo maana wakaitwa Msafara wa Njano. Mabaharia wakaamua kuishi. Wakaunda chama chao, wakacheza mpira kwenye sitaha ya meli ya Kiingereza iliyokuwa pana kuliko nyingine, wakasali kwenye ya Kijerumani, wakatazama sinema kwenye ya Kibulgaria. Mwaka 1968, Mexico ilipoandaa Olimpiki, nao wakaandaa ya kwao. Wakachora stempu kwa mkono, na barua zenye stempu hizo zikafika zilikotumwa, kitu ambacho leo wakusanyaji hukipigania kwa fedha nyingi. Kampuni ziliwabadilisha mabaharia kila baada ya miezi, lakini meli zenyewe zilibaki, miaka minane. Meli moja ya Marekani, African Glen, ilizamishwa wakati wa vita vya 1973. Mwaka 1975 ni mbili tu, zote za Wajerumani, zilizoweza kurudi kwao Hamburg kwa injini zake zenyewe.

Dereva aliyenipeleka kuliona ziwa hilo hakuwa na hamu ya kisa changu. Kwake ziwa ni mahali ilipozuiliwa meli ya Ever Given mwaka 2021, baada ya kuziba mfereji siku sita na kuidhalilisha Misri mbele ya dunia, wakati madai ya fidia yakijadiliwa. Alinionyesha ilipokuwa imetia nanga, kwa kidole, kama anayeonyesha nyumba ya mtu aliyemkopa asimlipe.

Ng'ambo nilivuka kwa pantoni, kivuko cha Namba Sita. Nikakumbuka Kigamboni: pikipiki, mama na kuku, wanafunzi, mtu anayeuza vitambaa vya mkono. Sikudaiwa nauli. Mahali hapa, tarehe 9 Machi 1969, Jenerali Abdel Moneim Riad, mnadhimu mkuu wa majeshi ya Misri, aliuawa kwa kombora akiwa amekuja kuwatembelea askari wake mstari wa mbele. Misri huiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya mashahidi wake. Safari ya kuvuka ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza embe moja. Nilipima kwa embe, kwa hiyo najua.

Kule ng'ambo, kilomita chache ndani ya Sinai, kipo kilima cha Tabbat al-Shagara. Ilikuwa ngome ya Waisraeli katika Mstari wa Bar-Lev, safu ya ngome zao kando ya mfereji, na sasa ni makumbusho: mahandaki ya chini kwa chini, vyumba vya kulala, chumba cha mawasiliano, mizinga mikongwe inayoota jua nje. Mtu akisimama juu yake hufahamu kwa nini Waisraeli waliamini hawawezi kuondolewa. Mbele yao walikuwa na maji, na juu ya ukingo wa maji walikuwa wamerundika ukuta wa mchanga wenye urefu wa jengo la ghorofa sita. Mabomu yaliuchimba, mchanga ukarudi. Aliyepata dawa ni mhandisi kijana wa jeshi, Baki Zaki Yousef, ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye Bwawa la Aswan na kuona jinsi mchanga unavyosukumwa kwa maji. Akasema: tuuoshe. Wakaleta mamia ya pampu kutoka Uingereza na Ujerumani, wakafyonza maji ya mfereji wenyewe, na ukuta uliogharimu miaka ukayeyuka kwa saa chache, magari na vifaru vikapita kwenye matope.

Kiongozi wa makumbusho, kijana mwenye sauti ya kuhutubia, aliishia hapo. Habari haikuishia hapo. Usiku wa 15 kuamkia 16 Oktoba Waisraeli nao walivuka, kuelekea upande huu wa Afrika, karibu na Deversoir, chini ya Ariel Sharon. Kabla ya kuvuka palipiganwa vibaya sana kwenye kituo cha kilimo ambacho Waisraeli walikuwa wamekibandika jina la Shamba la Wachina, kwa sababu ya maandishi ya mashine walizozikuta mwaka 1967. Mashine zilikuwa za Wajapani. Walikufa watu wengi mno kwa ajili ya shamba lenye jina lililokosewa. Waisraeli walifika hadi viunga vya Ismailia wakazuiwa Abu Atwa, ambako mabaki ya vifaru vyao yamewekwa hadharani mpaka sasa. Wakalizingira Jeshi la Tatu la Misri upande wa Suez. Mwishowe majenerali wa pande mbili, el-Gamasy na Aharon Yariv, wakakutana kwenye hema jangwani, Kilomita ya 101 ya barabara ya Kairo. Israeli ilipoteza zaidi ya askari 2,500 katika vita hivyo, na Waarabu mara kadhaa ya idadi hiyo. Kila upande unasherehekea kuvuka kwake. Mimi nilivuka mara mbili siku ile, kwenda na kurudi, na nikaona watu wa pantoni ndio wenye haki zaidi ya neno hilo.

Ismailia pia ni mahali Menachem Begin, waziri mkuu wa Israeli, alipokuja tarehe 25 Desemba 1977 kuzungumza na Sadat, rais wa Misri, mwezi mmoja baada ya Sadat kwenda Jerusalem. Mkutano haukuzaa mengi. Mkataba wa amani ulikuja 1979, Sinai ikarudishwa hadi Aprili 1982, na Sadat hakuiona siku hiyo. Wenyeji hawanyooshi vidole kukuonyesha mahali pa mazungumzo wanavyokuonyesha kituo cha polisi ambako, tarehe 25 Januari 1952, askari polisi wao wapatao hamsini walikufa wakikataa kusalimisha silaha kwa Waingereza. Mji huwa na kumbukumbu zake za kuchagua, kama mtu.

Usiku wa mwisho mzee wangu wa Englebert alinipeleka kwa jamaa zake wapigao simsimiya, zeze la nyuzi za chuma ambalo ni ndugu wa damu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Lilishuka na watu wa Nubia na Sudani hadi kwenye miji ya mfereji, na wakati wa vita ndilo lililobeba nyimbo za waliobaki na za waliohamishwa. Walikaa duara kwenye mikeka, mmoja akipiga kofi la pembeni, la kuchelewa kidogo, ambalo kila nikilijaribu lilinitoroka. Kijana aliinuka akacheza kama mchuuzi wa mashua anayewarushia bidhaa abiria wa meli: anavuta kamba, anainua kitambaa, anapandisha bei, anaishusha. Walicheka wote. Nikacheka na mimi ingawa bei sikuielewa.

Asubuhi nilitaka kuvuka mara moja zaidi, bila sababu, kabla ya basi. Kwenye foleni ya pantoni palikuwa na malori ya turubai yenye hema na unga, yakielekea al-Arish na baadaye, yakiruhusiwa, Gaza. Zamani kulikuwa na treni. Waingereza walijenga reli kutoka Qantara, kaskazini tu ya hapa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mtu aliweza kupanda behewa kwenye ukingo wa mfereji akapita Gaza hadi Haifa. Mwaka 1948 ukaikata safari hiyo. Tangu Mei lango la Rafah lilikuwa limefungwa, na dereva wa lori la mbele alisema safari iliyopita alisubiri jangwani hadi vitunguu vikaota.

King'ora kikalia. Pantoni lilitakiwa lisubiri meli ipite, nasi wote tukazima injini. Meli ilikuwa ndefu, makontena yamepangwa mpaka juu, na ilipita kimya kabisa, karibu kiasi kwamba nilimwona baharia mmoja akianika shati. Dereva wa lori alifungua tenga lililokuwa kwenye kiti cha abiria, akachagua, akabonyeza moja kwa kidole gumba, akalirudisha, akachagua jingine. Akanipa.

"Ewais," akasema, kwa sauti ya chini.

Nililimenya kwa meno. Shati la baharia likazidi kuwa dogo kuelekea Port Said, na kijana wa pantoni akaanza kufungua mnyororo.